Istilahi za Maada Ambatani: Somo Kutoka Kilosa na Mikumi

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Kilosa huona nyumba za miti zilizokandikwa udongo, na akisonga mbele kuelekea Kimamba na Rudewa hufika katika nchi iliyojulikana kwa mashamba ya mkonge. Mmea huo uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na mwaka 1964 mavuno ya nchi yalifikia tani 230,000 hivi. Nyumba hizo na mmea huo hutupa mifano ya kueleza elimu ambayo watafsiri na walimu hukutana nayo kila siku katika vitabu vya uhandisi.

Tuanze na udongo. Udongo mtupu ukikauka hupasuka. Ukichanganywa na majani makavu, nyufa huzuiwa zisienee, kwani kila jani hushika pande mbili za ufa. Kitu cha namna hii, chenye sehemu mbili au zaidi zilizoshikamana bila kupoteza asili yake, twapendekeza kiitwe maada ambatani. Sehemu inayozunguka na kushika nyingine ni kishikizi; sehemu inayotia nguvu ni ufumwele, wingi wake fumwele. Wengine hutumia ulimbo mahali pa kishikizi. Hatuafiki, kwa kuwa kishikizi chaweza kuwa ulimbo, saruji, au udongo. Vilevile tusichanganye mkonge na katani: mkonge ni mmea, katani ni fumwele zitokazo katika majani yake baada ya kupita katika korona.

Fumwele za aina mbili, kwa mfano katani na kioo, zikitiwa katika kishikizi kimoja, tuziiteje? Baadhi husema chotara. Lakini katika chotara sifa za wazazi huungana hata zisitengeke. Katika mseto, mchele hubaki mchele na choroko hubaki choroko. Ndivyo ilivyo hapa. Basi maada ambatani ya mseto ndilo jina linalofaa.

Jambo zito zaidi ni sifa zake. Neno gumu limebebeshwa mzigo wa maneno manne, na ni lazima tuyatenganishe:

1. Nguvu: mkazo mkubwa kabisa ambao kitu hustahimili kabla ya kukatika.
2. Ukakamavu: kiasi ambacho kitu hukataa kunyumbuka kinapovutwa au kupindwa.
3. Ushupavu: kiasi cha nishati ambacho kitu humeza kabla ya kuvunjika.
4. Ugumu: uwezo wa uso wa kitu kukataa kukwaruzwa au kubonyezwa.

Kioo cha dirisha ni kigumu na kikakamavu, lakini si kishupavu. Kamba ya katani ni shupavu, lakini si ngumu. Ofisa anayeagiza mabamba ya kuezekea shule akiandika "yawe magumu" tu, huenda akaletewa mabamba yasiyokwaruzika ambayo hupasuka embe la kwanza likiyaangukia. Naye mwuzaji atakuwa ametimiza mkataba.

Tutoe mfano wa hesabu. Ukakamavu wa katani ni kama gigapaskali 15, wa fumwele za kioo 70, na wa ulimbo wa poliesta 3. Fumwele zote zikilala upande wa mvuto, ukakamavu wa maada hukaribia jumla ya mafungu yake. Asilimia 30 ya katani na 70 ya ulimbo hutoa gigapaskali 6.6. Theluthi moja ya katani hiyo ikibadilishwa kwa kioo, tunapata 12.1, yaani karibu mara mbili. Hesabu hii isitumiwe kwa nguvu bila hadhari, maana nguvu hutegemea pia ni ufumwele upi utakatika kwanza, na jinsi kishikizi kilivyoushika.

Maji nayo yana neno. Katani hunywa maji, huvimba, na kuachana na kishikizi. Katika wilaya iliyopatwa na mafuriko ya Mto Mkondoa mwezi Desemba 2009 na Januari 2010, sifa hiyo haiwezi kupuuzwa. Ndiyo sababu mafundi huweka kioo nje na katani ndani: kioo huzuia maji, na bamba likipindwa nyuso za nje ndizo zinazopata mkazo mkubwa zaidi. Katika saruji, hatari nyingine ni alkali, ambayo huila katani kwa miaka hata maada ikapoteza ushupavu wake, ingawa kwa macho yaonekana nzima.

Hivyo basi, mtafsiri asiulize tu "neno hili ni nini kwa Kiswahili?" Aulize kwanza ni kitu gani kinachopimwa. Tunawaomba walimu na mafundi wayajaribu maneno haya darasani na kazini, na watuletee yaliyo bora kama wanayo.