Kaboni inashinda shaba, lakini joto linakwama

Tranzista hapa si ile radio ndogo ya mzee. Ni kifaa kidogo sana kinachofungua na kufunga umeme ndani ya telefone. Kwa skrini za kukunjwa, watafiti wanajaribu kuitengeneza kwa mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, iliyotandazwa juu ya plastiki.

Mrija mmoja peke yake unapitisha joto kushinda hata shaba. Sasa shida iko wapi? Mirija imelala ovyo kama majani makavu, inagusana kwa nukta tu; pale joto linavuka kwa taabu. Kushuka chini nako, plastiki inalizuia. Mrija ukiungua, umeme wake unahamia mirija ya jirani, nayo inachomeka. Hewani kaboni hii inavumilia mpaka karibu digri 600, lakini plastiki inakuwa imelainika zamani. Kwa hiyo wahandisi wengine wanapunguza umeme, wengine wanatafuta kitu kingine cha kuweka chini, chenye kuondoa joto haraka ao kuvumilia zaidi.