Mganga Hajigangi: Mabarista na Kazi ya Kujitolea

Leo tutazungumza juu ya watu ambao kazi yao ni kuwasemea wengine, yaani mawakili. Nasi tutauliza swali moja: Je, mtu anayewasemea wengine, yeye mwenyewe husemewa na nani? Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Basi tutazame jinsi mawakili wa Uingereza na Wales walivyolijibu swali hilo, kisha tuone linatuhusu vipi sisi wa Afrika ya Mashariki.

Kwanza yapasa tuelewe neno moja. Kwetu Kenya na Tanzania Bara, wakili ni wakili tu. Yeye huyohuyo humpokea mteja ofisini, huandika hati, na husimama mbele ya hakimu. Uingereza kazi hiyo imegawanywa tangu zamani. Yuko solisita, ambaye kwa kawaida humpokea mteja na kutengeneza hati zake. Na yuko barista, ambaye kazi yake hasa ni kusema mahakamani na kutoa shauri katika mambo magumu ya sheria. Mabarista wanaofanya kazi hivi leo ni zaidi ya 17,000.

Katika kila mabarista watano, kama wanne hawana mwajiri. Hukaa pamoja katika ofisi ziitwazo chemba, wakashirikiana kodi ya nyumba na mishahara ya makarani, lakini kila mmoja hula jasho lake mwenyewe. Siku asiyofanya kazi ni siku asiyolipwa. Tena wana kanuni yao ya kale inayofanana na desturi ya madereva wa teksi kituoni: barista akiletewa kesi iliyo katika ujuzi wake, naye ana nafasi, hana ruhusa kuikataa kwa sababu hampendi mteja au haipendi kesi.

Basi fikirini hali ya mtu huyu. Yu peke yake, hana bwana wa kumlalamikia, wala hawezi kuchagua wateja awapendao. Serikali ikipunguza malipo ya kesi za maskini, au ikitunga kanuni mbaya ya mahakama, barista mmoja atafanya nini? Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo sababu mwaka 1894 mabarista waliunda Baraza lao, liitwalo Bar Council.

Baraza hili lina makarani na maofisa wanaolipwa mshahara. Lakini wajumbe wake ni mabarista wanaoendelea na kazi zao. Wengine huchaguliwa kwa kura za wenzao. Wengine hutoka katika vyama vinne vya kale vya London, yaani Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn, ambavyo ndivyo vyenye mamlaka ya kumpa mtu cheo cha ubarista. Wengine hutoka katika vyama vya mikoa sita ya kimahakama, na wengine katika vyama vya kazi maalum, kama kesi za jinai au kesi za jamaa. Mwenyekiti hushika kiti mwaka mmoja tu, kisha humpisha mwingine. Mwanamke wa kwanza kukishika kiti hicho alikuwa Heather Hallett, mwaka 1998. Mtu mweusi wa kwanza alikuwa Barbara Mills, mwaka 2025.

Pengine msikilizaji atauliza: Wajumbe hawa hufanya nini hasa? Kazi zao tunaweza kuzigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi ya halmashauri. Baraza lina halmashauri ya maadili, halmashauri ya mabarista vijana, halmashauri ya marekebisho ya sheria, na nyinginezo. Serikali inapotaka kubadili sheria, aghalabu hutangaza shauri lake na kuomba maoni. Hapo wanahalmashauri hugawana kurasa. Mmoja ametoka mahakamani jioni, amechoka, na kesho ana kesi nyingine. Hata hivyo hukaa akasoma, akaandika kwamba kifungu fulani kitamzuia mjane kudai haki yake, au kwamba muda uliowekwa hautoshi mshtakiwa kujitayarisha. Mambo hayo hayaonekani kwa urahisi na mtu asiyesimama mahakamani kila siku.

Fungu la pili ni ujumbe katika mikutano ya wengine. Ziko halmashauri za nchi zinazotunga kanuni za kuendesha kesi, na ndani yake hukaa majaji, masolisita na mabarista pamoja. Barista aliye humo hazungumzi mambo ya chemba yake tu. Hana budi kuwasikiliza wenzake wa mikoani kwanza, kisha kuyafikisha maneno yao.

Fungu la tatu ni kuwalea wanafunzi. Vile vyama vinne vya kale huwafundisha vijana jinsi ya kusema mahakamani, na walimu wengi wa kazi hiyo ni mabarista na majaji waliojitolea jioni zao na siku zao za mapumziko.

Tusichanganye kazi hizi na ile ya kuwatetea maskini bure. Hiyo nayo ipo. Tangu mwaka 1996 kuna chama cha msaada ambacho sasa huitwa Advocate, kinachowatafutia watu wasio na fedha barista wa kuwasaidia bila malipo. Huko mtu humsaidia mteja mmoja katika kesi moja. Katika halmashauri mtu huwasaidia watu asiowajua, na pengine hatawaona kamwe.

Iko hatari ambayo Waingereza wenyewe waliitambua. Chama kinachowatetea wanachama wake, je, chaweza pia kuwahukumu wakikosa? Mwananchi aliyedhulumiwa na barista atawaaminije marafiki wa barista huyo? Kwa hiyo mwaka 2006 kazi ya kusimamia kanuni na nidhamu ilitengwa, ikapewa Bodi ya Viwango ya mabarista, na sheria ya mwaka 2007 ikaukaza utengano huo. Katika Bodi hiyo wapo pia watu wa kawaida wasio wanasheria.

Sasa tutoe mfano kuonyesha uzito wa mambo haya. Kwa miaka mingi mabarista wa kesi za jinai walilalamika kwamba malipo ya serikali kwa kesi za watu wasio na uwezo yameshuka mno, hata vijana wanaiacha kazi. Uchunguzi uliofanywa kwa amri ya serikali yenyewe, ukatolewa mwishoni mwa mwaka 2021, ulisema malipo yaongezwe kwa asilimia 15 angalau, tena bila kukawia. Serikali ilikubali nyongeza, lakini kwa kesi mpya tu, na wakati huo kesi kama 60,000 zilikuwa zikingoja katika mahakama kuu za jinai. Chama cha mabarista wa jinai kilipiga kura, na mwezi wa Juni 2022 mgomo ukaanza. Mwezi wa Septemba ukawa mgomo usio na kikomo. Washtakiwa walingoja mahabusu, na watu waliodhulumiwa wakangoja majumbani. Mwezi wa Oktoba serikali ilikubali kuiingiza nyongeza hiyo katika kesi nyingi zilizokwisha kufunguliwa. Wanachama wakapiga kura tena, na asilimia 57 wakakubali.

Angalieni hesabu hiyo, asilimia 57. Maana yake wengi walikubali, lakini wengi pia hawakuridhika. Viongozi wao walikuwa mabarista kama wao, waliopoteza malipo kama wao. Iliwapasa kujadiliana na serikali kwa niaba ya watu wasio na nia moja, kisha kurudi kuwaambia wenzao ukweli, na kuwaachia wao neno la mwisho. Huo ndio ujumbe. Mjumbe hatumwi kushinda tu; hutumwa kupeleka, kusikia na kurudisha.

Lakini kazi isiyolipwa ina kasoro yake. Mwenye fedha huweza kutoa jioni tatu kwa juma; kijana mwenye deni la masomo, au mama mwenye watoto wadogo, haimwii rahisi. Chama kisipoangalia, wenye nafasi ndio watakaosema, na wenye shida zaidi ndio watakaokosa msemaji. Ndiyo faida ya kuwa na halmashauri ya vijana, muda wenye mwisho, na mikutano ambayo mtu wa mbali aweza kuhudhuria kwa simu au kompyuta.

Je, haya yanatuhusu? Yanatuhusu. Kabla ya kitivo cha sheria kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, Mwafrika wa huku aliyetaka uwakili aghalabu ilimbidi asafiri ng'ambo, na wengi walikwenda katika vyama vile vya London. Chama cha mawakili wa Tanganyika kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1954, na wanachama huwachagua viongozi wake. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inataka Tume ya Utumishi wa Mahakama iwe na mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa na mawakili wenzao. Tume hiyo ndiyo inayopendekeza watu wa kuteuliwa majaji. Hivyo kura ya wakili mmoja hufika mpaka kizimbani, alipo mwananchi asiyepata kuijua tume hiyo.

Nanyi mlio katika chama cha ushirika, halmashauri ya shule au kamati ya maji, kazi yenu ni ndugu ya kazi hiyo. Baada ya somo, vikundi vijadili maswali haya matatu. Kwanza: mjumbe wenu hurudi kuwaambia yaliyosemwa? Pili: nani katika kijiji chenu hana nafasi ya kuhudhuria mkutano, na nani humsemea? Tatu: anayewatetea wanachama wenu ndiye huyohuyo anayewahukumu?

Katibu wa kikundi aandike majibu.