Stoo iko chumbani, unawaza kununua shotigani? Soma hii kwanza



Juzi dada mmoja wa Mkuu, kule Rombo, alinipigia simu. Anauza viatu na mashuka mtandaoni. Mzigo unapanda na basi kutoka Moshi kupitia Himo na Marangu, jioni anafunga oda, asubuhi bodaboda anasambaza. Stoo yake ni chumba cha pili hapo hapo nyumbani. Usiku mmoja mbwa walibweka bila kunyamaza, asubuhi akakuta kufuli limekwanguliwa. Akaniambia, "Kaka, mimi nataka shotigani. Nichukue ya aina gani?"

Sikumcheka. Mtaji wake wote uko mle ndani. Nikamjibu hivi, na wewe chukua kinachokufaa.

1. Sheria kwanza, bunduki baadaye

Silaha Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, na awe amefundishwa kutumia silaha. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa wako, yanapita kata na wilaya, na polisi ndio wasimamizi. Usitarajie kumaliza kwa siku mbili.

Sisi tuko mpakani, kwa hiyo kuna atakayekunong'oneza kuhusu "kitu" kilichopita njia za panya, au gobole la fundi wa kijijini. Kataa. Silaha isiyo na kibali ni jela, na biashara yako inaisha siku hiyo hiyo.

2. Geji ni nini?

Geji ni upana wa tundu la mtutu. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Geji 12 ina takriban milimita 18.5, geji 20 ina kama milimita 15.6. Geji 12 ndiyo imezoeleka zaidi, lakini inapiga bega kwa nguvu. Mtu mwenye mwili mdogo huimudu geji 20 vizuri zaidi, na silaha unayoimudu ni bora kuliko kubwa inayokutisha.

Angalizo: usichanganye risasi za geji hizi mbili. Risasi ya geji 20 ikiingia kwenye mtutu wa geji 12 inateleza na kukwama mbele. Ukiweka ya 12 nyuma yake ukafyatua, mtutu unapasuka mkononi mwako. Angalia na urefu wa ganda pia: bunduki ya ganda la milimita 70 haipewi la milimita 76.

3. Risasi: fikiria ukuta kabla ya mwizi

Kuna risasi za gololi ndogo za kupigia ndege. Kuna za gololi kubwa, ambapo ganda la kawaida la geji 12 hubeba kama tisa, kila moja ikiwa na upana wa milimita 8 na kitu. Halafu kuna ya pande moja zito la risasi, ya kuwindia mnyama mkubwa.

Wengi wanaolinda nyumba huchagua gololi kubwa kwa sababu zinamsimamisha mtu. Lakini kinachomsimamisha mtu kinapita pia kwenye mbao, bati na dari. Nyumba nyingi za huku mlimani vyumba vimegawanywa kwa mbao, na ng'ambo ya migomba kuna nyumba ya shemeji au ya mama mkwe. Hata gololi ndogo, kwa umbali wa chumba, zinaua na zinapita ubao mwembamba.

Nikamuuliza yule dada, "Watoto wanalala wapi?" Akasema, "Nyuma ya stoo." Tukanyamaza wote wawili.

4. Choki na uongo wa sinema

Choki ni mbano wa mdomo wa mtutu. Mbano mkali hushikilia gololi pamoja ziende mbali, unafaa kuwindia ndege. Mdomo usiobanwa, unaoitwa silinda, au uliobanwa kidogo tu, unatosha umbali wa ndani ya nyumba.

Ila usidanganywe na sinema kwamba shotigani inafagia chumba kizima. Kwa makadirio ya kawaida, gololi hutawanyika kama sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Mita tano ni kama upana wa kiganja. Lazima ulenge, tena gizani, mikono ikitetemeka, hujui kama huyo ni mwizi au ni mwanao katoka chooni.

5. Ukishafyatua, kuna maswali

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwenzako na kulinda mali. Lakini nguvu iwe ile inayohitajika tu. Ukimpiga anayekimbia na boksi la viatu mgongoni, utaeleza mahakamani. Na bunduki yenyewe, wezi wakijua ipo, ndiyo watakayoitafuta. Ikae kwenye kabati la chuma lililofungwa, risasi mbali nayo, ufunguo kwako.

6. Cha kufanya wiki hii

- Usipost "mzigo mpya umeingia" ukiwa nao ndani usiku huo. Post ukishaugawa au kuuza nusu.
- Picha zisionyeshe mlango wala geti lako. Mteja akutane nawe stendi au dukani kwa mtu.
- Pokea malipo kwa simu, fedha taslimu zisilale ndani.
- Nondo dirishani, komeo la ndani, taa ya sola nje, filimbi kitandani.
- Weka namba za majirani, mwenyekiti na kituo cha polisi karibu. Yowe la mlimani bado linaamsha watu haraka.
- Gawa stoo sehemu mbili. Hata wakiiba, kesho una cha kuuza.

Yule dada hajanunua bunduki. Amehamisha watoto chumba cha mbele, ameweka nondo, na nusu ya mzigo iko kwa dada yake. Anasema akitaka kuomba kibali baadaye ataomba, lakini sasa analala.

Mzigo ukiibiwa unatafuta mwingine. Mtoto hana stoo ya kuagizia.

Mtumie mwenzako anayelala na mzigo ndani. Kazi njema.