Milton Glaser na Vyanzo vya Ubunifu Wake

Katika usanifu wa michoro, yaani kazi ya kupanga picha, maandishi na rangi ili ujumbe wa mteja uwafikie walengwa, athari ni kile anachokipokea msanii kutoka katika kazi za wengine na ambacho, kikishapita mikononi mwake, hujitokeza kwa sura nyingine katika kazi yake mwenyewe. Wahakiki wengi huishia kuyataja majina ya waliomtangulia msanii, ilhali suala lenye uzito zaidi ni sifa ipi hasa iliyochukuliwa, ipi iliyoachwa, na mahitaji gani ya kazi yaliyoamua hivyo. Milton Glaser, msanifu na mchoraji Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1929 na kufariki katika jiji hilohilo mwaka 2020, ni mfano unaofaa kuchunguzwa, kwa kuwa aliishi akivitaja vyanzo vyake bila kificho.

Glaser alisoma katika chuo cha Cooper Union, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda Bologna, Italia, kwa ufadhili wa Fulbright, ambako alifundishwa na Giorgio Morandi, mchoraji aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora chupa, mitungi na bakuli zilezile. Mwaka 1954, yeye pamoja na Seymour Chwast, Reynold Ruffins na Edward Sorel walianzisha studio ya Push Pin, wakati ambapo mtindo uliokuwa ukipata nguvu ni ule wa Uswisi, uliotegemea gridi, yaani mistari isiyoonekana inayougawa ukurasa katika safu zilizo sawa, herufi zisizo na vijimkia, na picha za kamera badala ya michoro ya mkono. Wasanii wa Push Pin hawakukubali kwamba njia hiyo pekee ndiyo ya kisasa, hivyo waliyarudia mabango ya Ulaya ya mwishoni mwa karne ya 19, herufi za mapambo zilizokuwa zimekwisha kupitwa na wakati, na katuni za magazetini, wakavichanganya vyote hivyo na uchoraji wao wenyewe.

Namna mchanganyiko huo ulivyofanya kazi inaonekana vizuri katika bango la mwanamuziki Bob Dylan, ambalo Glaser alilichora mwaka 1966 na ambalo lilikunjwa na kutiwa ndani ya jalada la albamu ya mwanamuziki huyo iliyotoka mwaka 1967. Uso wa Dylan umeonyeshwa kwa upande kama kivuli cheusi kitupu, bila jicho wala mdomo, na umbo hilo lilitokana na picha ambayo msanii Marcel Duchamp alijitengenezea katika miaka ya 1950 kwa kuichana karatasi ikafuata mstari wa uso wake. Nywele, kwa upande wake, ni mikanda minene ya rangi kali inayojipinda kama mawimbi, na Glaser alieleza kwamba chanzo chake ni michoro midogo ya vitabu vya kale vya ulimwengu wa Kiislamu. Kila chanzo kimechangia sifa moja tu: kivuli kitupu cha Duchamp kimeupa uso umbo linalotambulika kwa mbali, na rangi za michoro ile zimebeba uchangamfu uliotarajiwa katika bango la muziki.

Hata jina la mwanamuziki lililoandikwa pembeni mwa bango hilo lina historia yake. Mwandiko uliotumika, unaojulikana kama Baby Teeth, ulitokana na tangazo la fundi cherehani ambalo Glaser alilipiga picha katika jiji la Mexico, ambamo herufi E ilikuwa imechorwa kwa umbo la ngazi, jambo ambalo aliyezoea kanuni za uandishi wa herufi asingelithubutu, lakini bado ikasomeka bila taabu. Glaser alichukua kanuni iliyojificha ndani ya herufi hiyo moja, akazibuni nyingine zote za alfabeti kwa kuifuata, na kwa njia hiyo kazi ya mchora mabango asiyejulikana ikazaa mfumo kamili wa mwandiko.

Nembo yake inayofahamika zaidi, yenye herufi I, moyo mwekundu na herufi NY, ilibuniwa kwa ajili ya kampeni ya utalii ya Jimbo la New York iliyozinduliwa mwaka 1977, na rasimu yake ya awali, iliyochorwa kwa krayoni nyekundu juu ya bahasha, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la jijini New York. Kuhusu uamuzi wa kupanga alama hizo katika mistari miwili, Glaser alikiri kwamba huenda, bila yeye kujua, alikuwa ameathiriwa na mchoro wa msanii Robert Indiana ambao herufi nne za neno LOVE zimepangwa mbili juu ya mbili. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 jijini New York, aliirudia nembo hiyo, akauongezea moyo doa dogo jeusi na maneno ya kusema kwamba mapenzi kwa jiji hilo sasa yamezidi, na hapo kazi yake ya zamani ikawa ndiyo chanzo cha kazi mpya.

Mifano hii inatoa kipimo cha kutenganisha athari na uigaji. Mwigaji huichukua sura nzima ya kazi moja na kuitumia kwa lengo lilelile, ilhali aliyeathiriwa huchukua sifa moja kutoka katika kila chanzo na kuipa jukumu ambalo haikuwa nalo kule ilikotoka. Kwa sababu hiyo, wingi wa vyanzo haumpunguzii msanifu uhalisi wake, mradi kila alichokiazima kina kazi inayoonekana katika bango, mwandiko au nembo aliyoitengeneza.