Kuvusha Mafaili kutoka Disketi za Zamani za Usharika

Ofisi za Kanisa zilizopata kompyuta katika miaka ya 1990 ziliandika kumbukumbu zao kwa programu kama WordPerfect 5.1, iliyotoka mwaka 1989, na kuzihifadhi katika disketi. Tuchukue mfano wa usharika wa mbali kama Mtae, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla na kuitazama nyika. Mkristo anahitaji hati ya ubatizo ili kuthibitisha umri wake, na daftari limeliwa na mchwa. Disketi huenda ikawa shahidi pekee aliyesalia.

Kwanza, kidude cha plastiki kilicho pembeni mwa disketi kisukumwe hadi tundu lionekane wazi. Hapo kompyuta haiwezi kuandika juu yake. Kisha disketi inakiliwe yote kuwa faili moja la taswira. Ile ya inchi 3.5 hubeba kwa kawaida 1.44 MB tu.

Barua za kawaida LibreOffice huzifungua yenyewe, nasi tunashauri kuanzia hapo. Panapohitajika programu ya zamani yenyewe, DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, huigiza kompyuta ya kale ndani ya kompyuta ya leo. Lakini mgeni huyu haoni diski ya mwenyeji wake mpaka aonyeshwe. Tutenge folda moja, tuseme c:\mtae, na ndani ya DOSBox tuandike: mount d c:\mtae. Tangu hapo folda hiyo ni diski D kwa mgeni. Asipewe diski nzima, maana akifuta kitu, kimefutwa kweli. Faili likiongezwa na mwenyeji baadaye, huenda lisionekane hadi tubonyeze Ctrl pamoja na F4.

Taswira ya disketi nayo huunganishwa kwa amri imgmount, ila isifunguliwe na pande zote mbili kwa wakati mmoja: kila upande hushika orodha yake ya mafaili, na mmoja huvuruga mwandiko wa mwenzake.

Majina ndiyo yenye hatari zaidi, kwa maoni yetu. DOS hukubali herufi nane, nukta, na tatu za mwisho. Ubatizo-1993 na Ubatizo-1994 hugeuka UBATIZ~1 na UBATIZ~2, na mwaka umepotea. Afadhali UBAT1993.

Kiswahili hupita salama, lakini majina ya Kijerumani hujeruhiwa. Herufi ö ni namba 148 katika jedwali la DOS. Windows huisoma namba hiyo kama alama ya kufunga nukuu. (Karl Roehl, aliyehudumu Usambara na ambaye Biblia yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1937, huvuka mzima, kwa kuwa jina lake huandikwa kwa oe.) Kila jina lisomwe upya na mtu anayezijua familia hizo.

Mafaili ya nidhamu ya Kanisa na ya mashauri ya ndoa yasipitie mikononi mwa kijana wa kompyuta, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mchungaji ayavushe mwenyewe, na nakala iliyobaki katika folda ya kuvushia ifutwe siku hiyo hiyo.