KAZI HUMLEA MTOTO: NILIYOYAONA MIGORI NA HOMA BAY

  Likizo ya Agosti iliyopita, aliyeniona nimeketi chini ya mwembe, daftari mkononi, nikiwakodolea macho watoto wakicheza, alidhani nimepungukiwa na akili. La hasha! Nilikuwa nikifanya kazi ambayo wataalamu wengine wameifanya maisha yao yote: kumtazama mtoto kwa makini na kujiuliza, kwa nini anatenda anavyotenda?

Mlezi wa chama chetu ndiye aliyenitia katika jambo hili. Kabla hatujafunga shule alitupa sharti moja tu. "Andika ulichokiona, si ulichokidhani." Ukiandika "mtoto huyu ni mchoyo", tayari umetoa hukumu. Andika, "Amekataa kumpa mwenzake mpira." Kisha uandike saa, mahali na waliokuwepo. Kusema ni rahisi, lakini jaribu uone!

Nilianza nyumbani, hapa Migori. Kwetu tu wavulana watatu, kisha kuna kitinda mimba, msichana wa mwaka mmoja. Mama huuza mboga sokoni. Je, mtoto huachiwa nani? Huachiwa ndugu yangu wa tatu, mwenye umri wa miaka tisa. Mimi nilikuwa nimekwisha kujitoa, nikisema nina mitihani. Kwa Kijaluo mlezi mdogo kama huyo huitwa japidi, na kwa desturi huwa ni msichana. Kwa hivyo wavulana wa mtaani hawampi nafasi ya kupumua. Akipita na mtoto mgongoni, amemfunga kwa leso, utasikia, "Mama Mtoto! Leo umepika nini?" Na mimi, nakiri bila kuficha, nilikuwa nikicheka pamoja nao.

Haukupita muda daftari likaanza kunisuta. Jioni moja watoto walikuwa wakicheza mpira wa matambara. Mmoja akaanguka, goti likachubuka. Wenzake wakaendelea kukimbiza mpira. Ndugu yangu akatoka uwanjani, akamwosha kile kidonda kwa maji ya mtungi, akarudi mchezoni. Hakuna aliyemtuma. Siku nyingine kukazuka ugomvi wa bao, ngumi zikawa karibu kurushwa. Yeye akasema tu, "Basi tupige tena, kwani shida iko wapi?" Nimeishi naye miaka tisa, na mambo haya sikuwahi kuyaona.

Wiki ya pili nilipanda gari kwenda Homa Bay, kwa shangazi. Tulipita Awendo kwenye mashamba ya miwa, tukafika Rongo, kisha tukakata kuelekea ziwani. Shangazi huanika omena na kuiuza kwa gorogoro. Ana mabinti wawili na mvulana mmoja, naye pia ni wa miaka tisa. Mabinti huteka maji, huosha vyombo na kugeuza omena juani. Mvulana kazi yake ni mpira. Siku moja mtoto wa jirani alijikwaa akamwaga karai zima la omena mchangani. Wale mabinti walikimbia kumsaidia kuokota. Kaka yao akapiga makofi: "Wee! Leo utachapwa!" Kisha akauliza chakula kiko wapi.

Nilitaka kuandika "ana roho mbaya", nikalikumbuka lile sharti. Nikaandika, "Amecheka. Hakuokota." Usiku aliniandalia mahali pa kulala na kunisimulia hadithi hadi nikasinzia. Si mtoto mbaya. Basi tofauti imetoka wapi?

Kabla ya kujibu, sikiliza kisa cha gorogoro. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyeishi kutoka mwaka wa 1896 hadi 1980, aliwatazama sana watoto wake mwenyewe watatu, akaeleza kwamba akili ya mtoto hukua kwa hatua. Kabla ya kufikisha kama miaka saba, mtoto huamini kile macho yanachomwambia. Nilimjaribu mtoto wa jirani wa miaka mitano. Nilitia maji sawasawa katika vikombe viwili, naye akakubali kwamba ni sawa. Kisha mbele ya macho yake nikamimina kikombe kimoja katika bilauri nyembamba ndefu. "Gani ina maji mengi?" Akaonyesha bilauri bila kusita. Piaget hoyee!

Nikamwita binamu yangu mdogo, msichana wa miaka sita ambaye kila siku humsaidia mama yake kupima omena. Kwa maji alisitasita, hakuwa na hakika. Nikachukua gorogoro ya omena nikaimimina katika karai pana. "Je, sasa imepungua?" Akanicheka. "Kwani umetoa? Si ni gorogoro ileile!" Kwa maji alikuwa na shaka, lakini kwa omena alikuwa mwalimu wangu. Baadaye nilisoma kwamba huko Mexico, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1969, watoto wa wafinyanzi walielewa mapema kuliko wenzao kwamba udongo haupungui wala kuongezeka ukibadilishwa umbo. Mikono yao ilikuwa imezoea udongo, kama ya binamu yangu ilivyozoea omena. Hatua za Piaget zipo, lakini kazi anayoifanya mtoto humwahisha katika baadhi ya mambo.

Ikiwa kazi hufunza akili, je, hufunza moyo pia? Nilipomweleza mlezi wetu habari za wale wavulana wawili, alitabasamu. Akaniambia kwamba swali langu liliwahi kuulizwa hapa hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani aitwaye Carol Ember alikuja Oyugis, mji ambao leo uko katika Kaunti ya Homa Bay na wakati huo ulikuwa Nyanza Kusini. Katika jamii aliyoichunguza wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana, hivyo akina mama wengi waliwapa wavulana kazi za kike: kulea watoto, kupika, kuteka maji. Ember aliwatazama wavulana hao, akawalinganisha na wavulana wasiofanya kazi hizo, na wasichana pia. Matokeo yake aliyachapisha mwaka wa 1973. Wavulana waliofanya kazi nyingi za kike hawakuwa wagomvi wala wenye kuamrisha wenzao kama wavulana wengine. Tabia yao ilikuwa katikati ya wavulana wale na wasichana, hata wakati hawakuwa kazini.

Nilipoyasoma hayo nilimwona ndugu yangu mtupu, na lile goti lililochubuka.

Kwa nini iwe hivyo? Maelezo yanayoniingia akilini ni haya. Mtoto mchanga haamrishwi. Humwambii "nyamaza" akakutii. Ni lazima ubahatishe: ana njaa? Amelowa? Ana usingizi? Ukibahatisha hivyo kila siku, unazoea kusoma haja ya mtu mwingine kabla hajaisema. Mazoea hayo unatoka nayo nyumbani hadi uwanjani. Wataalamu waliokaa Nyansongo, kwa jirani zetu Wakisii, kati ya miaka ya 1955 na 1957, nao waliona jambo linalofanana. Walipowalinganisha watoto wa huko na wa nchi nyingine tano, watoto wa Nyansongo, waliopewa kazi nyingi za nyumbani, walikuwa miongoni mwa wale waliotoa msaada zaidi. Watoto wa mji mmoja wa Marekani walitafuta sana kutazamwa na kusifiwa. Wahenga hawakukosea: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hata hivyo, tusikimbilie kumaliza. Wavulana wangu wawili si ushahidi. Labda ndugu yangu alizaliwa mpole. Ember mwenyewe aliwatazama watoto wengi, tena kwa utaratibu, ndiyo maana maneno yake yana uzito kuliko daftari langu.

Tena kuna upande wa pili ambao pia niliuandika. Siku za soko kubwa, ndugu yangu hufika shule amechelewa, maana hawezi kumwacha mtoto kabla jirani hajarudi. Hupewa adhabu. Muhula uliopita alama zake za hesabu zilishuka. Kazi inayomfunza huruma ndiyo hiyo inayomwibia kipindi cha kwanza. Na wasichana wangapi, kutoka Migori hadi Homa Bay, wanaibiwa vivyo hivyo kila siku bila mtu kuandika katika daftari lolote? Kazi ikiwa kiasi, ni mwalimu. Ikizidi, ni mzigo. Dawa si kumwondolea mtoto kazi zote, bali kuigawa.

Nilipotoka Homa Bay nilimwambia mama kwamba siku za soko kubwa, likizoni na Jumamosi, mtoto ni wangu. Siku za shule naamka mapema, nateka maji na kupika uji mimi, ili ndugu yangu apate nafasi ya kumpeleka mtoto kwa jirani kabla hajatoka. Siku ya kwanza nilipopita mtaani na leso begani, wale wavulana walishangilia kama wamefunga bao. "Mama Mtoto wa pili!" Ndugu yangu hakucheka. Alikuja akaikaza leso, maana nilikuwa nimeifunga vibaya.

Basi, mwenzangu, nawe mwalimu wangu, chukua daftari. Keti pembeni kwa dakika kumi tu, utazame watoto wa kwenu, uandike ulichokiona. Huenda utakayemgundua ni wewe mwenyewe.

Kwaherini hadi toleo lijalo.

Mwanachama, Kidato cha Tatu