Ofisini Nako Kuna Hatari



Tunapotaja usalama kazini, wengi wetu hukumbuka mara moja mashine isiyo na kinga, boila ya kiwanda cha chai, au dawa ya kunyunyizia mashambani. Ni haki kuyakumbuka hayo, maana yametutoa vidole na kutuharibia mapafu. Lakini kila kiwanda kina ofisi yake, na kila shamba lina chumba ambamo mishahara huandikwa na kilo za majani ya chai hujumlishwa. Chumba hicho nacho ni mahali pa kazi. Ndani yake yumo karani, mtunza stoo, tarishi, mfagiaji na mlinzi wa usiku. Nasi wa mitamboni huingia humo kutia sahihi na kuuliza habari za likizo.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba watu wa ofisini ni watu wa bosi, basi wajitetee wenyewe. Maneno haya humfurahisha mwajiri mbaya, kwa sababu wafanyakazi waliogawanyika hawana nguvu. Moto ukianza nyuma ya kabati la karani, hautauliza nani amevaa tai na nani amevaa ovaroli.

Tutazame mfano mmoja uliotikisa dunia nzima. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na mji wa Dhaka, nchini Bangladesh, lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100. Siku moja kabla, nyufa kubwa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa katika jengo hilo iliwaondoa wafanyakazi wake. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ambao wengi wao walikuwa wanawake, waliamriwa kurudi kazini asubuhi iliyofuata. Ufa ulikuwa mmoja na paa lilikuwa moja, lakini ofisi iliambiwa itoke na kiwanda kikaambiwa kiingie. Kama wote wangekuwa na sauti moja na kamati moja, tunaamini wengi wangekuwa hai hata leo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Dhaka hata ukuta wa kujenga haukubaki.

Hapa kwetu Kigali nako tumeonywa. Mwaka 2014 mfululizo wa mioto uliunguza maduka na majengo mjini na katika miji mingine ya Rwanda. Huko Gisozi, kwenye karakana za maseremala, moto umezuka zaidi ya mara moja na kuteketeza mali za watu. Viwanda vingi vimehama bonde la Gikondo kwenda Masoro, katika majengo mapya. Jengo jipya ni jambo jema, lakini mlango mpya uliofungwa kwa kufuli huua sawasawa na mlango wa zamani.

Basi tufanyeje? Kupima hatari si kazi ya wataalamu peke yao. Mtu mwenye macho, daftari na kalamu anaweza kuianza. Kwanza tutofautishe mambo mawili. Kuna kitu chenye madhara, na kuna uwezekano wa kitu hicho kumdhuru mtu. Waya wa umeme uliochubuka ni kitu chenye madhara popote ulipo. Lakini ukiwa umelala njiani mlangoni, ambapo watu 50 hupita siku ya mshahara, uwezekano wa kumdhuru mtu umekuwa mkubwa, na waya huo ndio wa kushughulikiwa kwanza.

Hatua ya kwanza ni kutembea na kutazama. Tembeeni chumba kwa chumba. Angalieni soketi moja iliyobebeshwa kompyuta, birika na feni pamoja. Angalieni mafaili yaliyorundikwa juu ya kabati, ngazi zisizo na kishikio, sakafu iliyolowa, jenereta inayotoa moshi chini ya dirisha. Angalieni paa. Majengo ya zamani, yakiwemo ya mashamba ya chai, yaweza kuwa na paa za asbesto, na Serikali imekuwa ikiendesha kazi ya kuziondoa nchini kwa miaka mingi. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni hukaa humo, na ugonjwa waweza kutokea baada ya miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo asitumwe mtu kutoboa, kukata wala kuvunja paa hilo bila mafunzo na vifaa maalumu.

Hatua ya pili ni kuuliza nani anaweza kuumia. Msiwasahau wanaofanya kazi wakati wengine wamelala. Mlinzi anayefunga madirisha usiku na kuwasha imbabura apate joto yuko hatarini, maana mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini. Mfagiaji huchanganya dawa za kusafishia bila kujua kwamba baadhi yake zikikutana hutoa hewa ya kuunguza koo. Mara nyingi watu hawa wameajiriwa na kampuni nyingine, na jina lao halimo katika orodha yoyote. Katika daftari letu majina yao yawemo.

Hatua ya tatu ni kupima. Ulizeni maswali mawili: jambo hili likitokea, madhara yake ni makubwa kiasi gani? Na uwezekano wa kutokea ni mkubwa kiasi gani? Lenye majibu makubwa yote mawili liandikwe juu. Msidharau madhara ya polepole. Katoni moja ya karatasi yenye rimu 5 ina uzito wa zaidi ya kilo 12. Tarishi anayebeba mbili mbili hadi ghorofa ya tatu kila wiki hataanguka leo, lakini mgongo wake unahesabu. Hali kadhalika karani anayeinamia kompyuta saa nane kwa kiti kilichovunjika: shingo, viganja na macho yake vinalipa. Kiti cha kufaa, ukingo wa juu wa kioo ulio sawa na macho, na kupumzisha macho kwa kutazama mbali mara kwa mara si anasa.

Hatua ya nne ni kuondoa hatari, kwa utaratibu huu: kwanza iondolewe kabisa. Isipowezekana, kibadilishwe kitu chenyewe. Isipowezekana, watu watengwe nayo au kazi ipangwe upya. Glovu na barakoa huja mwisho. Mwajiri anayeanza na glovu ameanzia mkiani.

Hatua ya tano ni kuandika na kurudi kukagua: hatari gani, nani atairekebisha, tarehe gani. Neno lisiloandikwa hukanushwa.

Katika mzunguko wetu tulikuta ofisi moja, ambayo hatutaitaja, mlango wake wa nyuma umefungwa kwa kufuli kwa kuogopa wezi. Ufunguo ulikuwa na mtu mmoja, na siku hiyo alikuwa amekwenda benki. Tuliwashauri waweke komeo linalofunguliwa kwa mkono kutoka ndani, bila ufunguo. Mwizi wa nje hawezi kulifungua, na mfanyakazi wa ndani hawezi kukwama. Gharama yake ni ndogo kuliko ya meza moja. Tunalisema hili kwa sababu jibu la kwanza la waajiri ni kwamba hakuna fedha. Kuteremsha mafaili, kusogeza waya na kufungua mlango hakuhitaji fedha hata kidogo.

Ndugu, hatuombi hisani. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake, nayo inatambua kamati za afya na usalama kazini. Haisemi mitamboni peke yake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2018, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi hata senti. Tena unamlinda anayejitoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu kumfika. Mwaka 2022 Shirika hilo liliuweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi za kazi.

Kumbukeni pia mfuko wa hifadhi ya jamii, RSSB. Kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini mwajiri huchangia asilimia 2 ya mshahara, wala haikatwi kwako. Lakini ajali isiyotangazwa ni kama haikutokea. Aliyeteleza ngazini akaenda nyumbani kimya kimya, kesho akilemaa atadai kwa ushahidi gani? Kila ajali iandikwe, iwe ya mashine au ya ngazi, pamoja na majina ya walioiona. Mwajiri akikataa, mkaguzi wa kazi yupo wilayani, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge.

Kwa hiyo basi, kila tawi lifanye mambo matatu kabla ya mwezi huu kwisha. Lichague angalau mjumbe mmoja wa ofisini aingie katika kamati ya usalama. Litembee ofisi yote na daftari mkononi, pamoja na mfagiaji na mlinzi. Limpelekee mwajiri orodha iliyoandikwa, yenye tarehe, na libaki na nakala.

Wanyarwanda husema: Abishyize hamwe ntakibananira, yaani waliojiunga pamoja hakuna kinachowashinda. Karani na mpalilia chai, tarishi na fundi mitambo, sote tunataka kurudi nyumbani jioni tukiwa wazima.

Umoja ni nguvu!